Tawi la chama linanukia mgomo: nianzie wapi?

SWALI: Mimi ni afisa rasilimali watu katika kiwanda cha nguo mkoani Morogoro. Tawi la chama cha wafanyakazi linadai nyongeza ya asilimia 12, menejimenti imeng'ang'ania 5. Vikao vitatu vimevunjika. Sasa kuna mgomo baridi: mashine zinazunguka, lakini uzalishaji umeshuka. Chuoni nilisoma somo la tabia za watu katika taasisi, ila sioni nadharia zile zinanisaidiaje leo. Nifanye nini kabla watu hawajaweka zana chini?

JIBU: Ndugu msomaji, somo lile linakufaa leo kuliko siku ya mtihani. Kwanza ondoa macho kwenye 12 na 5. Namba hizo ndizo zinazoandikwa kwenye muhtasari wa kikao, lakini mara nyingi kinachowauma watu hakimo humo.

Kumbuka nadharia ya usawa ya mwanasaikolojia John Stacy Adams, ya miaka ya 1960. Mtu haupimi mshahara wake peke yake. Hutazama jasho lake na anacholipwa, kisha hutazama vya mwenzake. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye kiwanda kimoja ambako wafanyakazi walikuwa wameambiwa biashara ni ngumu, wavumilie. Wiki ileile gari jipya la meneja likaegeshwa mkabala na lango la zamu ya asubuhi, viti vikiwa bado na nailoni ya dukani. Kikaoni hakuna aliyelitaja. Nilipokaa nao kwenye chai, mazungumzo yote yalikuwa "lile gari". Bei yake isingetosha hata robo ya nyongeza waliyodai, lakini wao hawakuwa wakipiga hesabu ya fedha. Walikuwa wameona kwamba uvumilivu umegawiwa upande mmoja.

Kwa hiyo pita kwenye zamu zote, ya usiku ikiwemo, uulize watu wanajilinganisha na nani. Huenda ni kiwanda jirani. Huenda ni kibarua wa miaka minne anayefanya kazi ileile ya mwajiriwa wa kudumu, au ovataimu inayohesabiwa tofauti kati ya idara na idara. Majibu hayo ndiyo ajenda yako ya kweli, na baadhi yake hayagharimu hata nusu asilimia ya mishahara.

Halafu kuna namna 5 ilivyotangazwa. Mwaka 1990 mtafiti Jerald Greenberg alichapisha utafiti kuhusu viwanda vya kampuni moja ya Marekani vilivyokatwa mishahara kwa asilimia 15 kwa muda wa wiki 10. Kiwanda kimoja kilielezwa sababu kwa kirefu, wakaonyeshwa hesabu, wakaombwa radhi na maswali yao yakajibiwa. Kingine kilipewa taarifa fupi tu. Wizi uliofanywa na wafanyakazi ulikuwa mkubwa zaidi kwenye kile cha taarifa fupi, ingawa makato yalikuwa yaleyale. Wewe umewaeleza watu wako nini kuhusu hiyo 5? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akipe chama kinachotambuliwa taarifa zinazohitajika katika majadiliano, na waajiri wengi hutii hilo shingo upande. Weka mezani gharama ya pamba, ankara za umeme, oda zilizopo, na sehemu ya mishahara katika gharama zote. Kama ukizipanga hizo ukaona 5 haiteteeki, rudi kwa wakubwa wako uwaambie hivyo bila kuzunguka.

Sasa mfikirie mwenyekiti wa tawi. Watafiti wa majadiliano ya kazini, Walton na McKersie, walionyesha mwaka 1965 kwamba kila mjumbe anajadiliana mara mbili: na upande wa pili, kisha na watu wake mwenyewe. Mwenyekiti huyo akirudi mikono mitupu, kesho atang'olewa na mtu mkali zaidi yake. Usimbane aamue palepale. Mpe nafasi akashauriane na wanachama, na jambo lililopatikana mwachie yeye alitangaze. Kamwe usimpitie pembeni kwa kuwaita wafanyakazi mmoja mmoja, wala usimpe kiongozi bahasha. Nimeona viwanda ambako bahasha moja ilizaa miaka ya kutoaminiana, na waliokuja baadaye wakarithi hasira ya dhambi isiyo yao.

Mkikubaliana, sainini kinacholipika tu. Madaktari wa Kenya waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, kwa sababu ya makubaliano yaliyosainiwa 2013 ambayo hayakutekelezwa. Mwaka 2024 waligoma tena kwa siku 56, na moja ya hoja kubwa ilikuwa malipo ya madaktari wa mafunzo yaliyokubaliwa 2017. Mtu aliyenyimwa hununa. Aliyeahidiwa kwa saini kisha akanyimwa hapokei tena neno lako, hata likiwa la kweli. Ni afadhali mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, wenye asilimia 7 inayolipwa kila mwisho wa mwezi kuliko wa 10 unaokaa kabatini.

Kisheria bado mna muda. Mgomo halali juu ya maslahi unataka mgogoro upelekwe kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, usuluhishi upewe siku 30, wanachama wapige kura, kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Waajiri wengi huzipoteza siku hizo wakitafuta wakili wa kuzuia mgomo. Wewe zitumie kwa hesabu na mazungumzo.

Kikao cha nne kiombe wewe, usingoje barua yao. Nakala ya hesabu impate mwenyekiti siku tatu kabla, aisome na kamati yake, waje na maswali. Na siku hiyo mkurugenzi mwenyewe akae pale, ajibu kwa mdomo wake.