Kujaza gesi ya AC ya gari nyumbani

Kaka, umeuliza kama unaweza kununua kopo la gesi ya AC ya gari ujijazie mwenyewe hapo Nkuhungu, Dodoma. Inawezekana, ila gesi ya AC si petroli kwamba inatumika inaisha. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Ukijaza bila kuziba utarudi dukani tena.

Kwanza chungulia kondensa, ile iliyo mbele ya rejeta. Vumbi letu la kiangazi lilinidanganya mwaka jana: nilidhani gesi imekwisha, kumbe matundu yamejaa vumbi na mabawa ya wadudu. Nikaosha kwa maji ya presha ndogo, ubaridi ukarudi bila kununua chochote. Halafu mulika tochi kwenye maungio ya mabomba. Penye mafuta yaliyoshika vumbi ndipo pa kushuku.

Ukiamua kujaza, soma stika chini ya boneti uone aina ya gesi, R134a au R1234yf, na gramu ngapi. Washa injini, AC mwisho, jazia kwenye bomba nene lenye kifuniko cha L, yaani la presha ndogo. Cha H, la presha kubwa, usiguse kabisa, kopo linaweza kukupasukia. Vaa glavu na miwani, gesi hiyo inaunguza kwa baridi. Na usizidishe, utaua kompresa, ile pampu inayosukuma gesi.