Anko, Ng'ombe Zangu Zimeenda Wapi?

Gemu yangu ya kwanza niliichora kwenye kadibodi ya katoni ya sabuni, hapa Kisumu. Ng'ombe walikuwa vifuniko vya soda, chakula kilikuwa maharagwe. Ilikuwa na zama tatu: ya ufugaji, ya ziwa na ya reli. Kila zama ikiisha, mchezaji alichagua taifa jipya, nami nikazoa vitu vyake vya zamani nikavitia kwenye bakuli na kumgawia vipya. Nilijiona fundi kweli.

Mpwa wangu alikuwa amehangaika karibu saa nzima hadi akafikisha ng'ombe 14. Zama ikageuka, nikazoa. Akalitazama bakuli, akanitazama mimi. "Anko, ng'ombe zangu zimeenda wapi?" Nikamwambia sasa yeye ni mvuvi. "Sawa, lakini nani amezichinja?" Sikuwa na jibu, na yeye akatoka zake nje kucheza mpira.

Ukiwa unabuni gemu ya mikakati ambamo taifa la mchezaji linabadilika, lijibu swali hilo kabla hujachora kitu.

Zipo gemu zinazolikwepa. Kwenye Age of Empires II, gemu ya kompyuta, unalipa chakula 500 unaingia zama ya pili, na taifa lako ni lile lile tangu mwanzo hadi mwisho. Humankind ya 2021 inakuruhusu kuvaa utamaduni mpya kila zama, ila sifa maalum ya ule wa zamani unabaki nayo. Civilization VII ilipotoka 2025 ilikuwa na zama tatu: kiongozi habadiliki, taifa ndilo linabadilika, na miji mingi uliyoikuza inarudishwa kuwa midogo. Wengi waliliona hilo kama wizi, lakini lina sababu. Bila kupunguza kitu, aliyetangulia zama ya kwanza anazidi kutajirika, na wengine wanakaa saa tatu wakisubiri kushindwa. Mimi pia ndiyo maana nilizoa vifuniko. Kosa langu ni kwamba nilipunguza mali bila kutoa sababu yoyote ambayo mtoto angeiona kwenye ramani.

Sababu hizo huku kwetu ziko tele. Nenda Thimlich Ohinga kule Migori, zile kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wa kuyashika, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka wa 2018. Jamii mbalimbali zilikaa mle kwa kupokezana, na waliokuja nyuma wakakarabati kuta walizozikuta. Wenyeji wanabadilika, ukuta unabaki. Kwa mbunifu hilo ni dhahabu: acha majengo pale yalipo, badilisha kazi yake.

Au chukua Mumias, mji wa magharibi mwa Kenya. Misafara ya kutoka pwani kwenda Uganda ilikuwa ikipita kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, na Waingereza nao wakaweka kituo pale. Mwaka wa 1901 reli ikafika ziwani, mahali walipopaita Port Florence, ndipo hapa Kisumu. Mumias haikuhitaji kuvamiwa ili ipungue. Njia ilihama tu. Hiyo ndiyo njia ya kumshusha anayeongoza bila kumnyang'anya. Mji wake anao, lakini biashara inapita kwingine, na yeye aliiona reli ikija zamu tano kabla.

Hizo zamu tano zisikupite. Mabadiliko yanayoanguka ghafla humfanya mchezaji amlaumu mbunifu. Akitangaziwa mapema, atajilaumu mwenyewe. (Rangi ya mchezaji pia usiiguse. Niliwahi kuibadilisha, meza nzima ikasahau nani ni nani.)

Basi nikarudi kwa ng'ombe. Wajaluo walikuja na mifugo, wakakaa ziwani, wakavua na kulima, lakini mahari hadi leo inahesabiwa kwa ng'ombe. Kumbe jibu lilikuwa kwetu nyumbani! Katika toleo la pili, ukiingia zama ya ziwa ng'ombe wako wote unao, ila hawanunui tena askari. Wananunua undugu: ukitoa ng'ombe wanne, jirani hakushambulii na unavua kwenye maji yake. Na kila ng'ombe anakula nafasi ya shamba, kwa hiyo kuwalimbikiza kuna gharama.

Nilimwita mpwa wangu tena. Safari hii alikataa kutoa hata ng'ombe mmoja, mashamba yakajaa vifuniko, chakula kikaisha, na reli ikapita kwa dada yake aliyekuwa na mashua mbili na shemeji watatu. Alishindwa vibaya. Akakaa kimya akihesabu vifuniko vyake, vyote 14, kisha akasema, "Panga tena, anko. Sita nilifaa kuzitoa kabla reli haijafika."