Si lazima uikimbie familia

Ndugu, umeuliza kama Uhindu unamtaka mtu aache mke, watoto na kazi ndipo apate furaha ya kudumu. Hapana. Wapo wanaojivua yote, lakini ni wachache. Mtazame Arjuna, shujaa wa vita kwenye Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu: anatupa upinde vita vikikaribia, anataka kujiondokea, Krishna, Mungu aliye mwendesha gari lake la vita, anamkatalia. Anamwambia: fanya kazi yako, matunda usiyadai. Sura ya 2, aya ya 62 na 63, zinakuonyesha mnyororo wenyewe: ukikiwaza kitu sana unanata nacho, halafu unakitamani, kisha hasira, mwisho akili inavurugika. Kinachonata ni ahamkara, yaani umimi, ile hisia ya “mimi, changu”. Mwanao akifeli mtihani, hebu jichunguze: unamwonea uchungu yeye, au unawaza majirani watasemaje?