Kabla ya kuzima hita, shusha kwanza moto wa boila

Msimu wangu wa kwanza wa baridi Uingereza niliumaliza nikiwa na koti sebuleni. Nyumba ya kupanga ilikuwa na mita ya gesi ya kulipia kabla, mfano wa LUKU ya kwetu Tanga, na nilipoona salio linapungua hata siku ambazo sikuwasha kitu (kuna ada ya kila siku, utumie usitumie), nikaamua kuzima kabisa. Kufika Februari, ukuta wa nyuma ya kabati ulikuwa umeota ukungu mweusi, na mwanangu alikohoa usiku kucha. Sitarudia tena. Shirika la Afya Duniani linashauri nyumba za nchi zenye baridi zisiwe chini ya nyuzi 18. Mimi naweka 18 au 19, na mwenye mtoto mchanga au mzee ndani namsihi asishuke hapo.

Pesa yenyewe inaokolewa kwenye boila, ule mtambo wa gesi unaopasha maji na kuyapeleka kwenye rejeta, yaani mabati ya ukutani yanayopasha vyumba. Tangu 2005, karibu boila zote mpya za gesi zinazofungwa England ni za aina inayovuna joto la moshi wake: mvuke uliomo kwenye moshi unageuka maji, na joto unaloliachia linarudi kwenye mfumo. Lakini hilo hufanyika vizuri pale tu maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi. Mafundi wengi wakishafunga wanaiacha boila ipeleke maji ya nyuzi 75 au 80, nayo yanarudi bado ya moto mno. Unanunua gesi, joto linatoka nje na moshi.

Ya kwangu ina vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja kina picha ya bomba la maji, kingine picha ya rejeta. Hicho cha rejeta nilikishusha hadi 60. Sasa nyumba inachelewa kidogo kupata joto, kwa hiyo nimeitega iwake nusu saa mapema kabla hatujaamka. Ila kama nyumba yako ina tangi la maji ya moto, usishushe kabla ya kumuuliza fundi, maana maji ya tangi yanatakiwa yafike nyuzi 60 ili bakteria wa legionella wafe.

Kuna ubishi hauishi kila tukikutana kwenye shughuli: eti kuacha hita ikiwaka kidogo kidogo mchana kutwa ni nafuu. Kwa nyumba nyingi si kweli. Nyumba inapoteza joto muda wote ambao ndani kuna joto kuliko nje, watu wawemo wasiwemo. Na kuipandisha thamostati (kile kidude cha kupangia joto la nyumba) hadi 30 hakuharakishi chochote, boila inaendelea tu kuunguza gesi hadi ifike huko.

Sasa gusa rejeta zako. Ikiwa juu baridi na chini moto, ina upepo. Zima hita, subiri ipoe, shika kitambaa chini ya tundu la pembeni juu, uzungushe taratibu kwa ule ufunguo mdogo wa kutolea upepo. Itafoka kama tairi linalotolewa upepo, kisha yatatoka matone ya maji, pengine meusi. Hapo hapo funga. Halafu angalia presha ya boila. Ikiwa imeshuka chini ya baa 1 kwenye kipimo chake, ongeza maji hadi kati ya 1 na 1.5. Ikiwa rejeta ni baridi chini na moto juu, hilo ni tope, mwachie fundi. Mapazia nayo yaishie juu ya rejeta, yasiifunike, la sivyo unapasha joto kioo.

Usibane pesa kwenye ukaguzi wa boila wa kila mwaka wala kwenye king'ora cha kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina harufu, na inaua watu usingizini.

Asubuhi ya barafu kali boila ikigoma huku ikigugumia, tazama nje bomba jembamba la plastiki linalotoa yale maji ya mvuke wa moshi. Mara nyingi limeganda. Limwagie maji ya uvuguvugu, kama ya kumwogesha mtoto, yasiwe ya kuchemka kwa sababu bomba linaweza kupasuka. Kisha bonyeza kitufe cha kuiwasha upya.