Chombo kikizama usiku, usifuate taa za bara

Mkuu, umeuliza: chombo kikizama usiku na taa za bara unaziona, uogelee au usubiri? Nakuomba usubiri. Mimi nimekaa majini saa tisa.

Ilikuwa Julai, kusi, ule upepo wa kutoka kusini, limechacha. Mashua yetu ya injini ilitoka Wete, Pemba, kwenda Tanga, shehena imezidi, na majaketi ya kujiokolea manne kwa watu tisa. Saa nane usiku maji yaliyoingia ngamani, chini ya mashua, yakatushinda kuyatoa. Nahodha, Mungu amrehemu, aliwahi kufunga madumu sita matupu kwa kamba ya nanga. Dumu la lita 20, kifuniko kikikazwa, linabeba karibu kilo 20, na mtu aliyezama hadi shingoni hahitaji hata hizo. Kwenye ajali ya meli ya MV Spice Islander karibu na Nungwi, Unguja, Septemba 2011, wapo waliookolewa wameshikilia magodoro. Shika chochote kinachoelea.

Sasa hizo taa. Mkondo wa maji kati ya Pemba na bara unakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unakimbia. Niliikazia macho taa moja. Kila wimbi likininyanyua, nakuta imesogea kushoto, kumbe ni sisi tunaosukumwa. Kijana mmoja, muogeleaji hodari kuliko sote, alisema ni karibu, akaenda. Hatukumwona tena. Bado namsikia akisema "nakuja na boti."

Sisi tulibanana, magoti kifuani, mama mmoja na mwanawe katikati. Usivue nguo. Maji yetu ni ya vuguvugu, lakini bado yana ubaridi kuliko mwili, na yanakunyonya joto usiku kucha. Maji ya chumvi usimeze hata funda: figo hutumia maji mengi zaidi kuitoa ile chumvi kuliko uliyokunywa. Kukipambazuka, yule mama akafunga kanga yake nyekundu kwenye kasia, tukawa tunalishika kwa zamu.

Saa tano wavuvi wa Kenya wakatukuta karibu na kisiwa chao cha Wasini. Tazama ramani uone tulivyosukumwa! Walisema waliona kanga, vichwa hawakuviona hata walipofika karibu.

Na hili wengi hawalijui: ukimtoa mtu majini, mlaze. Mwenzetu alisimama botini kwa furaha, akaanguka papo hapo, maana aliyekaa sana majini presha humshuka ghafla akisimama. Mzee mmoja wa wale wavuvi alimlaza chali, akamfunika tanga, akamnywesha maji kwa kifuniko cha chupa, kidogo kidogo, mpaka tukafika pwani.