Kaachwa, kakatwa, kafa: Anti anajibu maswali yenu ya mtihani wa uraia Uingereza

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi nipo Leicester mwaka wa tisa sasa, nafanya kazi ya kea, kuhudumia wazee, shifti za usiku. Juzi nimekaa mtihani wa Life in the UK nikafeli. Nilipakua programu ya maswali kwenye simu nikawa nafanya kwenye basi, napata 22, napata 23, nikajua nimemaliza. Kufika kule maswali yamegeuzwa geuzwa, na ile miaka ya wafalme yote ikachanganyika, sijui 1588 ndo nini na 1688 ndo nini. Mume wangu ananicheka, anasema mtu umeishi hapa miaka tisa unafelije mtihani wa maisha ya hapa? Nisaidie Anti, nataka kurudia.
– Mama Wawili, Leicester

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Kwanza huyo mumeo msubiri akiwa anakula umuulize swali moja tu: juri la kesi ya jinai Scotland lina watu wangapi? Akisema 12 mwambie kafeli, 12 ni England, Wales na Northern Ireland, Scotland ni 15. Hapo ndo tunapojidanganya wengi, tunaona kwasababu tunalipa kodi ya kansili, tunajua bini ya takataka inatolewa siku gani na GP, daktari wa mtaa, anapigiwa saa mbili kamili asubuhi la sivyo nafasi zimeisha, basi maisha ya hapa tumeyamaliza. Mtihani hauulizi hayo. Unauliza kilichoandikwa kwenye kitabu, kile rasmi, toleo la tatu la 2013, na aliyekiandika hakuwa anamuwaza mtu anayepanda basi la saa kumi na moja alfajiri akitoka shifti.

Kwahiyo kosa lako la kwanza naliona: hukusoma kitabu, umesoma programu. Programu si mbaya lakini ukirudia maswali yaleyale unaishia kukariri sura ya swali, jicho likiona tu neno "Hastings", ile vita ya zamani, kidole kinakwenda kwenye 1066 chenyewe kabla hata hujasoma wameuliza nini. Siku ya mtihani wakikuuliza nani alipigwa Hastings, unabaki unaangalia skrini. (Ni Harold. Aliyempiga ni William, mtemi wa Normandy.) Alafu maswali yenyewe yana mitindo minne, kuna ya kuchagua jibu moja kati ya manne, kuna ya kweli au si kweli, kuna ya kuangalia sentensi mbili uchague ipi sahihi, na kuna yale ya kuchagua majibu MAWILI, ambayo mtu mwenye haraka anabonyeza moja anasonga mbele anajiona mjanja. Dakika 45 kwa maswali 24 ni nyingi mno, mimi nilimaliza nikabaki nasoma upya taratibu kama nasoma barua ya benki. Unatakiwa upate 18.

Sasa miaka ya wafalme. Usiikariri! Yani weka daftari chini kabisa. Historia ya hawa watu, ile sehemu ya katikati inayowatoa watu jasho, ni ugomvi wa mirathi, na sisi ugomvi wa mirathi tunaujua, kila ukoo una wake. Nisikilize.

Kuna mzee anaitwa Henry wa nane, anataka mtoto wa kiume wa kumrithi. Mke wa kwanza, Catherine of Aragon, aliyebaki hai kwake ni binti, Mary. Henry anaomba talaka, Papa anakataa, basi jamaa anajitoa kwa Papa anaanzisha kanisa lake, ndo Kanisa la England hilo mnaloliona mpaka leo. Anamuoa Anne Boleyn, anazaliwa binti mwingine, Elizabeth, Anne anakatwa kichwa. Anamuoa Jane Seymour, mtoto wa kiume huyo hapo, Edward, ila mama anafariki muda mfupi baada ya kujifungua. Wakafuata wengine watatu, Anne of Cleves, Catherine Howard, Catherine Parr. Mimi niliwaimba jikoni hivi: kaachwa, kakatwa, kafa, kaachwa, kakatwa, kabaki. Iimbe mara tano ukiwa unakatakata vitunguu, haitoki tena.

Mzee kafa, watoto watatu wanapokezana kiti kila mmoja na dini yake. Edward Mprotestanti kafa mdogo, Mary Mkatoliki akawatesa Waprotestanti, alafu Elizabeth akakaa muda mrefu, na 1588 ndo manowari za Hispania zikaja kuurudisha Ukatoliki kwa nguvu, zikapigwa. Hiyo ndo 1588 yako. Elizabeth hakuolewa wala hakuzaa, kwahiyo 1603 urithi unaenda kwa ndugu yake mfalme wa Scotland, James. Wakatoliki fulani hawakumpenda, 1605 wakataka kulipua bunge na mfalme akiwemo, Guy Fawkes akakamatwa na baruti, na ndo maana kila tarehe 5 Novemba watoto wako hawalali kwa fataki. Mtoto wa James, Charles wa kwanza, akajiona yeye kawekwa na Mungu, bunge la nini, vita ikaanza 1642, 1649 akakatwa kichwa. Nchi ikakaa bila mfalme, Oliver Cromwell akashika. Mtoto wa marehemu, Charles wa pili, alipopigwa vitani alijificha juu ya mti wa mwaloni akatorokea Ulaya, na ukiona baa imeandikwa Royal Oak, na zipo nyingi tu, ndo mti wenyewe. 1660 wakamuita arudi.

Zamani zake tauni ikapiga London 1665, mwaka unaofuata moto. Hili la moto mimi nilifundishwa na mwanangu akiwa Year 2, darasa la wadogo wa shule ya msingi. Walipewa kazi ya nyumbani kujenga nyumba ya kizamani ya boksi, tukahangaika na gundi na maboksi ya nafaka mpaka saa nne usiku, nikapaka dirisha rangi mwenyewe kwa mswaki wa zamani, kesho yake mwalimu akazipanga nyumba zote uwanjani AKAZICHOMA MOTO. Nilitaka kulia. Lakini 1666 sijawahi kuisahau, wala kwamba kanisa la St Paul's lilijengwa upya na Christopher Wren. Kwahiyo hao wawili ulionao wachunguze madaftari yao, Waroma, Waviking, Tudor, vyote wanasoma shule ya msingi, na mtoto anapenda sana kumsahihisha mama yake.

Tuendelee. Charles wa pili kafa bila mtoto wa ndoa, akarithi mdogo wake James wa pili, Mkatoliki, watu wakaanza kunong'ona. Alipopata mtoto wa kiume ndo kabisa, wakubwa wakamuita mkwe wake wa Kiholanzi, William wa Orange, mume wa binti yake, aje achukue nchi. Mkwe akaja! 1688, hiyo ndo 1688 yako sasa, na 1689 ikaandikwa sheria ya haki iliyombana mfalme chini ya bunge. Baada yao akaja malkia Anne, binti mwingine wa James wa pili, watoto wake wote wakafa kabla yake, wakubwa wakaogopa Scotland isije ikachukua mfalme wake, ndo 1707 England na Scotland zikaungana. Baada ya Anne wakamleta ndugu wa mbali Mjerumani, George, Kiingereza kinampiga chenga, mambo mengi yakabaki kwa mawaziri, na waziri mkuu wa kwanza akawa Robert Walpole kuanzia 1721. Umeona? Mwaka mmoja unauvuta mwingine, huwezi kuweka 1688 mahali pa 1588 kwasababu mkwe hawezi kuja kabla baba mkwe hajazaliwa.

Hiyo hadithi uisimulie kwa sauti. Huyo bibi unayemhudumia usiku kama hana usingizi msimulie yeye, nakuhakikishia atakukatisha kila dakika, na hapo alipokukatisha ndo hutosahau.

Vitu vya karne hizi za karibu ni rahisi zaidi maana vinatugusa. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku 1807 lakini utumwa wenyewe kwenye makoloni sheria yake ni 1833, watu wengi wanachanganya hapo. Wanawake kura 1918 walipewa wenye miaka 30 kwenda juu, wakalingana na wanaume 1928 kwa miaka 21, na umri wa kura ukashuka kuwa 18 mwaka 1969. NHS, huduma ya afya ya serikali inayotutibu wewe na mimi, ilianza 1948, waziri wa afya akiwa Aneurin Bevan. Na Wahindi waliofukuzwa Uganda na Amin 1972, kitabu kinasema Uingereza iliwapokea 28,000, sasa wewe mtu wa Leicester ukikosa hilo nitashangaa, nusu ya majirani zako wana hadithi hiyo. Mo Farah yumo pia, mzaliwa wa Somalia, dhahabu ya mita 5,000 na 10,000 London 2012.

Ya kukariri kavu kavu ni machache, mfano siku za watakatifu: David wa Wales 1 Machi, Patrick wa Northern Ireland 17 Machi, George wa England 23 Aprili, Andrew wa Scotland 30 Novemba. Ziandike kwenye ratiba yako ya shifti pale kwenye mlango wa friji. Na kola ya mbwa lazima iwe na jina na anwani ya mwenye mbwa, usinicheke, wanauliza.

Ukirudia, siku 7 lazima zipite tangu ulipofeli, na ni pauni 50 nyingine, unabuku kwenye tovuti ya serikali ya GOV.UK peke yake, angalau siku 3 kabla. Jina unaloandika liwe herufi kwa herufi na la kwenye kitambulisho utakachobeba. Shoga yangu mmoja alibuku kwa jina la ndoa, pasipoti ina jina la baba yake, wakamrudisha mlangoni na hela haikurudi, akatembea mpaka stesheni analia na mvua inamnyeshea. Na tafadhali, sio baada ya shifti ya usiku. Lala kwanza.

SWALI: Anti kuna jamaa hapa Luton anasema nimpe hela ataniwekea mtu akanifanyie mtihani, eti wengi wamepita kwake. Niko bize sana na kubeba boksi, sina muda wa kupiga msuli.
– Mchovu

JIBU: Mwanangu achana nae leo hii. Pale unapigwa picha siku hiyohiyo na kitambulisho kinaangaliwa, watu wameshafungwa kwa mchezo huo, na ukikamatwa hupotezi mtihani tu, unapoteza na makaratasi uliyohangaikia miaka yote. Nusu saa kwa siku miezi miwili kitabu kinaisha.

SWALI: Nimesoma chuo Dar, digrii yote kwa Kiingereza. Nikipasi Life in the UK bado nitadaiwa cheti cha Kiingereza? Na baba yangu nipo nae hapa, ana miaka 66, nae anafanya?
– Kaka wa Reading

JIBU: Ni masharti mawili tofauti, moja halifuti lingine. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi zinazosamehewa Kiingereza, ila digrii yako inaweza kukuokoa, unaipeleka Ecctis, shirika linalokagua vyeti vya nje, wathibitishe kwamba ni digrii ya kweli na ilifundishwa kwa Kiingereza. Mzee muache apumzike, aliyefika 65 hafanyi mtihani. Mpe salamu zangu.

SWALI: Anti, mi Mtanzania, nataka kibali cha kudumu tu, uraia naogopa kupoteza wa nyumbani. Bado nifanye mtihani?
– Mwana wa Tanga

JIBU: Ndio, hata kibali cha kudumu kwa njia nyingi kinaudai. Na hofu yako ni ya haki, mtu mzima wa Tanzania akichukua uraia wa nchi nyingine wa kwetu unaondoka, sio kama wenzetu Wakenya walioruhusiwa na katiba yao ya 2010. Lakini ukipasi mara moja umepasi, siku ukibadili mawazo miaka kumi mbele huurudii. Wanakupa namba ya kumbukumbu, iandike sehemu mbili, na moja isiwe kwenye simu.