Mzee Atembee kwa Kasi Gani ili Kulinda Kumbukumbu Yake?

Nilipostaafu ualimu nikiwa na miaka 60, nilijiwekea desturi ya kutembea kila asubuhi kutoka nyumbani kwetu Machame hadi sokoni na kurudi, na kwa miaka sita niliamini kwa dhati kwamba hayo ndiyo mazoezi. Safari hiyo ilinichukua karibu saa mbili, kwa sababu kila nilipopita palikuwa na mtu wa kuamkiana naye, mzazi aliyetaka kunieleza habari za mtoto wake niliyemfundisha, au nyumba yenye msiba ambako ilinibidi nisimame nitoe pole. Sijutii salamu hizo hata moja. Lakini katika miaka yote sita sikumbuki siku niliyofika nyumbani nikiwa nahema, na sikuona maana ya jambo hilo mpaka nilipokwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia kwa ajili ya goti, naye akaniuliza: "Mwalimu, ukiwa unatembea hivyo, unaweza kuimba?" Nikamjibu kwamba naweza kuimba hata beti tatu bila kukatika. Akaniambia kwamba basi moyo wangu bado haujajua kama nimetoka nyumbani.

Swali lile lilinigusa kwa sababu ya mama yangu. Miaka minne ya mwisho ya maisha yake aliishi nasi akiwa na ugonjwa wa kusahau, ule ambao madaktari huuita demensia. Alianza kwa kurudia swali lilelile mara tano kabla chai haijapoa, baadaye akawa hakitambui chumba chake, na mwishowe akawa ananiita kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Huku kwetu wapo wanaosema kwamba huo ni uzee tu, na wapo wanaonong'ona habari za kurogwa. Wote wanakosea. Ni ugonjwa wa ubongo, na uko miongoni mwetu: utafiti uliofanyika katika wilaya yetu hii ya Hai, ambao ulianza kwa kuwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, ulikadiria kwamba asilimia 6.4 ya watu wa umri huo walikuwa nao. Nilipoisoma takwimu hiyo niliwahesabu kichwani wazee wa mtaa wetu, nikaona kwamba haikuwa na haja ya kunishangaza.

Mtaalamu yule alinieleza kipimo ambacho nimekitumia tangu siku hiyo, na ambacho nawasihi wastaafu wenzangu wakijue kabla ya kununua saa ya kuhesabu hatua. Mazoezi ya erobiki, yaani yale yanayoufanya moyo na mapafu yafanye kazi mfululizo, hugawanywa kwa ukali wake. Ukiweza kuzungumza na kuimba, uko katika mwendo mwepesi. Ukiweza kuzungumza lakini wimbo unakatika, uko katika ukali wa wastani. Ukifika mahali ambapo unaweza kutoa maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi, umeingia katika mazoezi makali. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima, wazee wakiwemo, wafanye dakika 150 hadi 300 za ukali wa wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, au mchanganyiko wa yote mawili. Na kwa waliofikisha miaka 65 linaongeza mazoezi ya kuimarisha misuli na ya kujizuia kuanguka. Nilipozitazama saa zangu mbili za kila siku kwa kipimo hicho, nilikuta kwamba dakika za ukali wa wastani hazikufika hata kumi kwa wiki.

Je, ukali huo una faida yoyote kwa ubongo? Hapa naomba msomaji awe na subira, kwa sababu wanaotangaza mazoezi kama tiba ya kila kitu hawatutendei haki sisi wazee. Mwaka 2011 watafiti nchini Marekani walichapisha jaribio la wazee 120, ambamo kundi moja lilitembea dakika 40 mara tatu kwa wiki kwa mwaka mzima na kundi jingine likafanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotuwezesha kutunza kumbukumbu mpya na ambayo kwa kawaida husinyaa kadiri tunavyozeeka, iliongezeka kwa takriban asilimia 2 kwa watembeaji, na ikapungua kwa zaidi ya asilimia 1 kwa wenzao. Wengi wanaoisimulia habari hii huacha jambo ambalo kwangu ndilo la maana zaidi: watembeaji wale walianza na dakika kumi tu, wakaongezewa muda na kasi hatua kwa hatua, na mapigo ya moyo wao yalikuwa yakifuatiliwa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada waliwalinganisha wazee 64 kwa wiki 12, na wale waliofanya vipindi vinne vya dakika nne za mwendo mkali, wakipumzika kwa mwendo mwepesi katikati, ndio walioonyesha maendeleo ya kumbukumbu, hali wale wa mwendo wa wastani wakibaki karibu pale walipokuwa.

Laiti ushahidi ungeishia hapo, ningeandika makala fupi. Lakini mwaka 2015 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa zaidi la Marekani, lenye watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89, ambao waligawanywa kati ya mazoezi ya ukali wa wastani na masomo ya afya kwa miaka miwili, na mwishowe akili za makundi yote mawili zikaonekana sawa. Huko Trondheim, Norwei, watu zaidi ya 1,500 wa miaka 70 hadi 77 walifuatiliwa kwa miaka mitano, wengine wakifanya mazoezi makali, wengine ya wastani, na wengine wakifuata ushauri wa kawaida wa taifa lao. Picha za ubongo zilizopigwa kwa baadhi yao hazikuonyesha kwamba vikundi vilivyosimamiwa viliuhifadhi ubongo vizuri kuliko kile kilichoachiwa ushauri wa kawaida. Ni haki kukumbuka kwamba hao wa ushauri wa kawaida walikuwa watu wa nchi ambayo wazee wake hutembea sana milimani, hivyo tofauti ya kupima ilikuwa ndogo tangu mwanzo.

Mimi si daktari. Baada ya kusoma niliyoweza kuyapata na kuyauliza kwa wanaojua, hukumu yangu ni kwamba ukali wa mazoezi una uzito wake, lakini hupimwa kwa uwezo wa mtu mwenyewe. Kinachoonekana kuusaidia ubongo ni moyo na mapafu kupata nguvu ambazo hayakuwa nazo, na hayo hayatokei pasipo kuyasukuma kidogo kupita mazoea yake. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ilhali hutumia karibu moja ya tano ya oksijeni yote. Mishipa inayoupelekea damu ikiharibiwa na presha au kisukari, kumbukumbu ndiyo inayolipa. Mazoezi ya kukata pumzi kiasi hushusha presha na sukari, na hiyo peke yake ingenitosha kuwa sababu. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet iliorodhesha mwaka 2024 mambo 14 yanayoweza kurekebishwa ambayo huchangia ugonjwa huu, na humo kutofanya mazoezi kumo pamoja na presha, kisukari, upweke na kutosikia vizuri. Kwa hiyo salamu zangu za njiani nazo zilikuwa na kazi yake, ila nilikuwa nimezipa kazi ya mguu.

Nilianza vibaya, na naeleza kosa langu kwa sababu najua wapo wengi walio katika hali niliyokuwa nayo. Nilisoma kwamba mapigo ya juu kabisa ya moyo hukadiriwa kwa kutoa umri kutoka 220, nikapata 154, nikajiwekea lengo la asilimia 70, yaani mapigo kama 108 kwa dakika. Nilipanda mlima kwa nguvu, nikajishika kifundo cha mkono nikahesabu, nikapata 86. Nikazidisha mwendo, nikapata 90. Nikazidisha tena, macho yakaingia giza, nikaketi kando ya mfereji nikiwa siwezi kuinua kichwa, mpaka alipopita kijana niliyemfundisha darasa la sita, akasema "Shikamoo Mwalimu" kwa sauti ya woga na kunishika mkono hadi nyumbani. Zahanati nilikopewa dawa za presha hakuna aliyenieleza kwamba atenolol, dawa niliyokuwa nikiimeza kila asubuhi, huzuia moyo usipige kwa kasi. Kwa mtu anayetumia dawa za jamii hiyo, hesabu ya 220 haina maana yoyote, na kuikimbilia ni hatari. Pumzi ndiyo imsemee. Na yeyote mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua ya zamani aonane na daktari kabla hajaongeza kasi, akiwa na dawa zake zote mfukoni ili zionekane kwa majina.

Baada ya hapo nilianza upya, kwa unyenyekevu. Wiki mbili za kwanza nilitembea dakika kumi tu kwa mwendo wa kukata wimbo, mara tano kwa wiki, kisha nikaongeza dakika tano kila baada ya wiki mbili. Kwa wasiopenda kuimba njiani ipo njia ya kuhesabu: hatua 100 kwa dakika hukaribia ukali wa wastani kwa watu wengi, kwa hiyo hesabu hatua zako kwa sekunde 15, na zikifika 25 uko mahali pake. Nilipofikisha mwezi wa tano wa mazoezi hayo, daktari aliporidhika, niliingiza vipindi vya ukali mara mbili kwa wiki: dakika moja ya kupanda kwa nguvu mpaka maneno yananiishia, dakika mbili za mwendo wa pole, mara sita. Sasa nina miaka 71 na kila kipindi cha kupanda kimefika dakika tatu.

Sisi wa milimani tumepewa neema ambayo watu wa tambarare hawana, kwa kuwa mteremko hupandisha pumzi bila kukimbia, hivyo magoti hayagongwi. Lakini goti huumizwa wakati wa kushuka. Panda kwa haraka, shuka taratibu kwa hatua fupi, ikiwezekana ukiwa na fimbo, na usivae kandambili. Mwenye kisukari anayechoma insulini atembee na kitu kitamu mfukoni. Kifua kikibana, au mkono ukifa ganzi, au kizunguzungu kikija, simama hapohapo, na kama hali haitulii utafute msaada mara moja.

Salamu nimezihamishia safari ya kurudi. Majirani walidhani mwanzoni kwamba nimewakasirikia, ikabidi mama watoto azunguke kuwaeleza. Leo wanne kati yao, wawili wakiwa wajane waliozidi miaka 70, hutoka nami siku za Jumanne na Ijumaa.

Limebaki swali ambalo huulizwa mara nyingi na watoto wa wagonjwa: je, mzazi ambaye tayari ana ugonjwa huu alazimishwe kufanya mazoezi makali? Jaribio lililofanyika Uingereza kwa watu 494 wenye ugonjwa wa kiwango cha wastani au chini yake, na kuchapishwa mwaka 2018, liliwapa wagonjwa mazoezi ya nguvu kwa miezi kadhaa. Miili yao iliimarika, lakini kusahau hakukupungua. Hivyo jibu langu ni hapana, asilazimishwe. Mama yangu, hata alipokuwa hanijui tena, alizikumbuka nyimbo za kanisani kwa beti zake zote. Kama ningekuwa naye leo ningemshika mkono kila jioni tukauzunguka uwanja wa nyumba chini ya migomba, kwa mwendo ambao yeye na mimi tungeweza kuimba.